Visi Haina pa Kushika

Jumanne, 7/3/2017

Mama ameanguka. Hata kuanguka ni neno kubwa: aligeuka tu ku mulango ya jikoni, kandambili ikateleza, akakaa chini. Mutoto akianguka vile anacheka. Yeye mguu wake uligeuka inje, vidole binaangalia ukuta. Yooo! Béatrice, binti yangu, anamulilia nyanya yake: Koko! Koko!

Nilipoitwa, nimeacha bitenge zangu ku soko ya Kamembe, sijue nani amefunga. Ku hopitali, Dokta Mbarushimana alituonyesha picha. Mufupa wa paja umevunjika juu, karibu na nyonga. Anasema kuvunjika si shida kubwa, shida ni mufupa wenyewe. Uzee umeukula ndani. Nikaelewa mara moja: muhogo mukavu wenye kuliwa na bidudu. Inje unaona muhogo, ukifinya, unga.

Ijumaa, 10/3/2017

Bamemupasua. Bameweka chuma ndani ya mufupa, na visi kubwa, musumari wa kuzungusha, mpaka mu kichwa ya nyonga. Dokta anasema alipata kazi kweli: mu mufupa wa kijana, visi inakamata, mu mufupa wa Mama inazunguka tu, haina pa kushika. Ametafuta mahali pagumu, akapata kidogo. Halafu akaniangalia sana: Maman Béatrice, asikanyage mpaka mimi niseme. Kukaa, sawa. Kukanyaga, hapana.

Mama anauliza kama ile chuma haitapata kutu. Nimecheka mpaka machozi. Sijue kama yalikuwa ya kucheka.

Jumapili, 19/3/2017

Tuko nyumbani. Namuosha, anafunika uso. Mama yangu, mwenye alivuka mupaka ya Bukavu na ndoo ya samaki ya sambaza ku kichwa, leo anaomba chombo ya kukojolea!

Jumamosi bakwe banakuja kuposa Béatrice. Nikasema tusogeze siku. Mama akakataa kabisa. Papa alishakufa, yeye ndiye mukubwa wa nyumba, na kwetu Bushi mukwe haumupokee ukiwa umekaa. Mwisho tumepatana: atakaa ku fotei, kile kiti kikubwa cha mikono, na mimi nitaomba ruhusa kwa bakwe, niseme mguu unamusumbua.

Jumamosi, 25/3/2017

Bamekuja. Mzee Mulume, baba ya bwana-harusi, mbele, bibi yake, bajomba nyuma. Kabla nifungue kinywa, Mama amesimama! Alianza kwa kushika fotei. Halafu Mzee akatoa kibuyu ya kasiksi, pombe ya ndizi, na kibuyu ya bakwe inapokelewa kwa mikono mbili. Akaachilia fotei. Akapokea kwa mikono mbili, akasema karibuni kwenu.

Bantu bakapiga makofi, bamama bakapiga bigelegele. Na mimi! Nilipiga makofi, nikalia kwa furaha, nikasema amepona. Mujinga mimi, mujinga kabisa.

Alipokaa, uso wake ulikuwa jasho tupu. Posa imekubaliwa, harusi ni kisha Pasaka.

Jumatatu, 27/3/2017

Mguu umekuwa mufupi. Tumerudi ku hopitali, picha mupya. Hata mimi muuza bitenge naona: visi imekata kichwa ya mufupa, ncha imetoka, inakwaruza nyonga. Dokta hakunikaripia. Afadhali angenikaripia! Alikaa, akauliza nini ilifanyika, nikamuambia yote. Akasema hata mama yake angesimama vile.

Kukaza tena, hapana, hakuna pa kukaza. Ni kutoa chuma yote, kuweka kichwa ya chuma na simenti ya mifupa. Kigali, na haraka. Lakini moyo wake hauna nguvu, anaweza kufia ku meza ya kupasulia. Na tukiacha vile? Kitanda, maumivu, bidonda bya mugongo, halafu...

Mama: Simenti? Mimi ni nyumba? Halafu akakataa. Akienda Kigali harusi itasogezwa, bakwe batauliza juu ya nini. Bakijua amevunjika kwa kubapokea, ni aibu kwao na mukosi kwa Béatrice. Muntu asijue, hata Béatrice. Ameniapisha.

Nimejaribu kuomba. Maneno haitoki. Mungu anajua niko wapi kama ananitaka.

Jumatano, 29/3/2017

Dokta anataka jibu leo, ambulansi ya Kigali inaondoka mchana. Mama ni hapana tu. Hapana, na anageukia ukuta.

Na sasa Mzee Mulume na bibi yake bametokea, na ndizi, na juisi! Béatrice alibaambia ni malaria, ndivyo nilimuambia. Mzee anacheka: kwetu Nyakabuye kijiji yote inajua vile Koko alitusimamia, hakuna heshima kama ile. Mama anacheka naye. Chini ya blanketi amekamata kidole yangu, anaifinya kama ya kuvunja.

Nimetoka mu kolidoo, naandika nimesimama. Nikisema, nimevunja kiapo ya mama yangu mbele ya bakwe. Nikinyamaza, ambulansi inaenda, na yeye anaoza polepole, akibachekea.

Dokta anakuja, picha ku mukono. Hajue kama bakwe bako ndani. Ananiangalia, anangoja kama niko na la kusema. Ningemuambia: ngoja kidogo, Dokta. Ile tu, na siri ingebaki.

Nimesogea ku ukuta, apite, aingie na ile picha.