Sahihi Thelathini na Moja kwa Ajili ya Samoa

Gitothua, Ruiru. Jumanne, jioni. Baridi ya tangu asubuhi imelegea, jua limejitokeza kabla ya kuzama, nami nina furaha isiyoniruhusu kuketi.

Nimejibiwa.

Nieleze kwa utaratibu. Kwa majuma matatu nimekuwa nikiandaa ombi rasmi kwa kamati ya kimataifa inayoshughulikia maeneo yasiyojitawala. Mada ni Samoa. Ziko mbili katika Bahari ya Pasifiki, jirani kwa jirani, lugha moja, ndugu pande zote mbili. Moja ni taifa huru. Nyingine iko chini ya Marekani, na anayezaliwa humo hapati uraia kamili kwa kuzaliwa tu, wala hampigii kura rais anayemtawala.

Niliposoma hayo maktabani Thika, nilishindwa kunyamaza. Nikaandika: "Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaomba, kwa unyenyekevu na kwa msisitizo, Samoa hiyo ipewe uhuru wake pasipo kuchelewa." Nilikusanya sahihi thelathini na moja, kutoka Gitothua hadi Mwihoko. Ijumaa hii nilikusudia kuupeleka waraka posta.

Sentensi ile niliisoma kwa sauti mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mtu mmoja tu alikataa kutia sahihi: Mama Nekesa, fundi wa nguo katika ploti yetu ya wapangaji. Aliusoma waraka wote, mguu ukiwa bado juu ya cherehani.

"Mzee Njoroge, landlord alipaka geti rangi bila kutuuliza, ukamwandikia barua kurasa mbili," alisema. "Sasa hawa wa baharini, wamekutuma ama umejituma?"

Wateja wake walicheka. Nilimjibu kwamba haki haihitaji kutumwa. Lilikuwa jibu zuri, lakini halikunipa usingizi, na siku iliyofuata nilimwandikia barua pepe, pamoja na nakala ya waraka, mwalimu mmoja wa Samoa hiyo ya Marekani anayeandika mtandaoni kuhusu kijiji chake.

Leo amejibu. Amenishukuru kwa heshima iliyonifanya nisimame. Kisha akaeleza kwamba sehemu kubwa ya ardhi yao ni ya ukoo, inasimamiwa na mkuu wa ukoo, na sheria zao zinazuia isiuzwe ovyo kwa wageni. Wako wanaodai uraia kamili. Wako wanaouogopa, sheria hizo zisije zikabatilishwa kortini, wakaipoteza ardhi. Wa kudai uhuru yeye amewasikia wachache. "Tunabishana hata mezani," aliandika. "Ulipoandika *sisi*, ulikuwa unamaanisha nani?"

Ardhi. Mimi, mtu wa Kiambu, niliyeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya nusu ekari, sikuwahi kuuliza habari ya ardhi.

Nakiri hapa kwamba niliona aibu, kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Baada ya hapo nilishikwa na furaha hii, maana mtu wa upande wa pili wa dunia ameusoma waraka wangu neno kwa neno na kuniuliza swali linalostahili.

Waraka hautakwenda posta. Kwa kanuni yangu, sahihi ya mtu haifutwi na mwingine, kwa hiyo kesho nitapita mlango kwa mlango ili kila mmoja aikate yake mwenyewe. Mwihoko watanicheka. Wacheke.

Mahali pake nimeandika barua fupi kwa yule mwalimu, aisome kijijini kwake: "Sisi majirani wa Ruiru tunauliza: ninyi wenyewe mnataka nini, na tuwaunge mkono vipi?" Nimempelekea Mama Nekesa kabla hajafunga kibanda. Ameisoma mara mbili, akachukua kalamu yangu bila kuomba.

"Hii sasa imeuliza," amesema, na jina lake ndilo la kwanza.

Ninapoandika haya, Samoa iliyo huru imekwisha kuingia Jumatano. Kwa jirani yake, mwendo mfupi tu wa ndege ng'ambo ya mstari wa tarehe, Jumanne haijapambazuka. Ni nani aliyenipa mimi kazi ya kuwaambia kwamba wamechelewa?