Nimegawa Urubani wa Mwanangu

Mama Peninah, mshauri wetu mpendwa, nishike mkono nimepotea, ila kwanza nakuomba usiwasomee wenzako barua hii hapo ofisini mkicheka, maana Merrylands tunajuana. Kichwa changu kimejaa moshi. Shule niliiachia darasa la tano, padri alinifukuza kwa kuiga mwendo wake mbele ya kwaya nzima, kwa hiyo ukiona nukta imekosekana mahali ujue nilifukuzwa kabla hatujaifikia.

Mambo yenyewe ni haya. Nina mtoto wa kiume, Prince, tulifika naye Sydney akiwa bado wa sekondari, akamaliza, siku moja akatuaga kwamba anaingia jeshi la huku, yaani sisi tuliokimbia wanajeshi miaka yote mtoto wetu anakwenda kuwa mwanajeshi, basi nikanyamaza, akatumikia, akaumia goti, akatoka. Sasa wanamwita veterani. Yeye wa miaka thelathini na mbili ndiye veterani, mimi wa sabini na moja niliyekimbia vita tatu kwa miguu naitwa mteja wa pensheni. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na bado sijapumzika.

Kumbe veterani huku hapewi medali tu. Ofisi ya wastaafu wa jeshi ilimwambia kwamba kwa sababu ya lile goti watamlipia masomo ya kazi mpya, achague mwenyewe. Mtu mwenye akili zake angechagua umeme au ualimu, Prince akachagua kurusha ndege, nao wakakubali. Kuna shule ya marubani pale kwenye uwanja mdogo wa Bankstown, wakampima macho, wakampima masikio, hata goti lenyewe wakalipitisha, wakampa nafasi aanze lokdauni ya corona ikilegezwa. Sasa nielezee wewe uliyesoma, serikali hiyohiyo inayonikataza kuvuka kilomita tano kutoka mlangoni pangu ndiyo inayomlipia mwanangu aende juu. Na juu kuna nini mwaka huu? Ndege zimelala, vinavyoruka Merrylands ni kasuku na helikopta ya polisi, na nasikia marubani wakubwa wenye mistari mabegani wanapanga makopo kwenye rafu za supamaketi.

Basi mimi kama mkubwa wa famili nikaitisha kikao. Kwetu, kitu kikiingia katika famili hakikai mikononi mwa aliyekileta, kinawekwa katikati, wakubwa wanakitazama, wanauliza nani ana haja nacho zaidi. Mtu akirudi na ng'ombe, ng'ombe ni wa nyumba. Mimi baiskeli yangu ya kwanza, niliyoipata kwa kubeba mizigo hadi mgongo ukalia, baba aliitazama mara moja akampa mjomba, nami nikaenda kwa miguu na nikasema asante. Nikaona haya masomo ya jeshi ni ng'ombe. Kikao chenyewe, kwa kuwa kukutana ni marufuku, nilikifanyia kwenye WhatsApp, sura za watu ndogo kama stempu, na simu nilikuwa nimeishika vibaya kwa hiyo famili nzima iliongozwa na tundu za pua yangu.

Nilizungumza karibu nusu saa. Nikasema marehemu kaka yangu Chibalonza, yule aliyepanda ndege ya mizigo kwenda machimboni na hatukumzika, aliacha mjane, Emerance, na binti mmoja, Clarisse, na Clarisse anapakia masanduku kwenye ghala bila baba wa kumsomesha, basi haya masomo nayatoa kwa Prince nayaweka kwa Clarisse, akasomee unesi, maana mwaka huu wagonjwa wamewazidi abiria. Shemeji Emerance alilia, mtu akapiga vigelegele, Clarisse akazima kamera, nikajua amezidiwa na furaha. Jumapili, kwenye ibada ya Zoom, mchungaji akanitaja kama mfano kwa wazee wote, na sikukuficha, sikuinamisha kichwa, nilikisogeza karibu na kamera.

Prince alisema, "Sawa, Papa." Basi. Akaiandikia shule kwamba anaachia nafasi.

Wiki iliyofuata akaipigia ile ofisi ya jeshi wayahamishe masomo kwa dada yake Clarisse. Mama aliyepokea simu akaeleza kwa adabu nyingi kwamba masomo ni ya aliyeumia, hayahami, si kwa dada, si kwa binti wa baba mkubwa, si kwa yeyote. Nikamwambia Prince amfahamishe kwamba mkubwa wa famili ameshaamua. Akaniwekea spika nimfahamishe mwenyewe. Yule mama akaniuliza kama nimewahi kutumikia jeshi lolote, nikamjibu nimewahi kulikimbia, na ni kazi ngumu zaidi. Alicheka vizuri sana, lakini hakuhamisha.

Sasa tazama nilipo. Clarisse hana kitu, Prince hana kitu, ng'ombe amegoma kuingia zizi lolote. Shule imempigia Prince kwamba nafasi yake haijapata mtu, wataishikilia mpaka mwisho wa mwezi, naye hajibu. Anashinda garejini, amekaa kwenye kiti alichokitoa kwenye gari bovu, mbele yake amebandika picha kubwa ya saa na vitufe vya ndege, anavigusa kimoja kimoja akinong'ona kama anasali rozari. Nikamwuliza, si uende basi, nani amekushika mguu. Hakunitazama.

"Papa, ulisema mbele ya watu wote," akaniambia. "Nikienda, nitakuwa nimekuvua nguo."

Mkewe, Kendi, binti wa Meru, ni nesi pale hospitali ya Westmead, na kwa heshima ya mkwe hanisemi usoni. Anasema na masufuria. Juzi ametoka zamu, alama za barakoa zimemchora mashavu, anasugua sufuria huku akiiambia kwamba ina bahati kweli, kwamba yenyewe ikishapewa kazi ya kupika wali hakuna mzee atakayekuja kuitangaza kikaango. Nikajifanya sijasikia. Sufuria nayo ikanyamaza.

Na shemeji Emerance kila asubuhi ananitumia picha za maua na maneno ya baraka, ananiita baba wa mayatima. Bado hajui. Ni mimi niliyekataza asiambiwe, nikisubiri nipate akili, na akili haijafika, labda nayo imezuiwa kwenye kilomita tano.

Swali langu ni hili, Mama Peninah. Je, mzee anaweza kurudisha neno lake bila watu kuona akilirudisha? Nimewaza kujifanya mgonjwa, wanihurumie wasahau. Nimewaza kusema kaka yangu amenijia ndotoni akageuza uamuzi, mchungaji ataamini upesi. Au ninyamaze tu hadi mwezi upite, Prince atafute kazi ya umeme, kila mtu abaki ardhini kwa amani. Usinielewe vibaya, siogopi ndege, ndege ndiyo iliyonileta huku, na nililala njia nzima. Kinachonishinda ni kuelewa, kitu kimekuja nyumbani kwangu kwa ajili ya mwanangu na mimi ndiye baba yake, mbona nikikigusa kinavunjika? Niambie la kufanya, ila usiwe mkali kama yule wa masufuria.

Ni mimi Mzee Symphorien wa Merrylands. Majina yote nimeyabadilisha, langu nimeazima la jirani, naye hajaulizwa.

MAMA PENINAH ANAJIBU

Mzee wangu Symphorien, shikamoo. Heshima nimeshakupa, sasa kaa chini.

Nimecheka, nakiri. Nikaisoma barua mara ya pili, kicheko kikaisha.

Nianze na moshi. Haya masomo si ng'ombe. Hakuna aliyeleta zawadi nyumbani kwako, mwanao analipwa kwa goti lake, na hilo goti hata ukiitisha famili yote kutoka pande zote za dunia halitagawanyika. Desturi ya kuweka kitu katikati naijua, wengi wetu tumesomeshwa nayo, mimi mmojawapo, wala sitaitukana hapa. Lakini hata kwenu, kabla ng'ombe hajatolewa, aliyemleta huketi kwenye kikao na huulizwa. Wewe ulizungumza nusu saa, Prince akabakiziwa maneno mawili. Ile baiskeli ulisema asante, sawa. Uliifurahia hiyo asante ulipokuwa unatembea?

Halafu Clarisse. Nimetafuta katika barua yako yote mstari mmoja unaosema huyu binti anataka nini, nimeukosa. Umemfanya nesi bila kumwuliza, akazima kamera, ukaita furaha. Mpigie, umwulize, kisha ufunge mdomo mpaka amalize, hata akijibu kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Akisema anautaka unesi, zipo njia za kwake mwenyewe za kuusomea, na anayezijua analala nyumba moja na wewe. Mwombe Kendi amsaidie. Mwombe usoni, uyaache masufuria yapumzike.

Sasa lile ulilolipita mbio. Umeniandikia kwa raha juu ya padri, juu ya pua yako, juu ya kasuku. Kaka yako aliyepanda ndege asirudi, na hamkupata hata cha kuzika, umempa nusu sentensi. Kisha mwishoni unaniambia huogopi ndege. Mzee wangu, nani alikuuliza? Hukuyagawa masomo kwa ajili ya unesi. Uliyagawa ili Prince abaki chini. Kuogopa sikulaumu, ningekuwa wewe ningeogopa hadi usingizi ukanikimbia. Nakulaumu kwa kuivisha hofu nguo za ukarimu, mpaka mchungaji akaisifu na mjane akailipia kwa machozi. Tena mjane yupi? Ni huyohuyo ambaye ndege ileile ilimchukulia mume. Kama kuna mtu hapa Sydney ambaye angekuelewa bila maelezo, ni Emerance, na ndiye uliyeamua afichwe.

Usijifanye mgonjwa, una nesi ndani ya nyumba, atakupima na utaaibika mara mbili. Usiote ndoto. Marehemu umwache, hana kosa la kumfanya atumwe kuja kukusafishia jina.

Na hilo la kunyamaza mwezi upite ndilo baya kuliko yote. Prince atapata kazi ya umeme, ndiyo. Atakuheshimu. Atakuja na matunda kila Jumapili na atakuuliza habari ya mgongo. Lakini kitu anachokipenda hatakuambia tena maishani, na utakufa ukidhani mlikuwa mnaelewana.

Fanya hivi. Emerance awe wa kwanza, na iwe leo. Usimwandikie, mpigie. Mwambie masomo hayahami, mwambie na ulichokuwa unakiogopa, umtaje mumewe kwa jina. Akilia mwache alie, safari hii ni machozi ya kweli. Kisha uitishe kikao tena. Uliongea mbele ya watu wote, kwa hiyo neno lako utalifuta mbele ya watu haohao, mchungaji naye umwite, na simu aishike mtu mwingine. Usihutubu. Sema: "Nilikosea. Masomo ni ya Prince. Aende." Ukiona ulimi unataka kuendelea, uung'ate. Na kwa kuwa mzee akivunja neno lake hutoa kitu, toa. Mbuzi yuko buchani hapo Merrylands, mpelekee Emerance mguu mzima, uuache mlangoni urudi nyuma hatua zako, sheria za corona bado zipo.

Ukitoka huko, shuka garejini. Usiende kama mkubwa wa famili, huyo mwache jikoni. Mwambie Prince kwamba unaogopa na umwambie kwa sababu ya nani. Halafu mwombe akuonyeshe zile saa na vile vitufe kimoja kimoja, kila kimoja kinaonya nini, kikigoma rubani anafanya nini, na uulize maswali yote ambayo hakuna aliyepata nafasi ya kuyauliza siku ile Chibalonza alipopanda. Yakiisha, mpe baraka zako. Mwezi ukikaribia kuisha kabla ya maswali, mpe hivyohivyo, aijibu shule.