Moshi Nilionyimwa

Alhamisi, 2 Julai 1953
Nimefukiza vibuyu vya maziwa tangu asubuhi. Nyasi zile zile, kigae kile kile cha makaa. Nimeonja. Maziwa yana ladha ya maziwa tu.
Leo wiki tatu tangu tumzike Mama. Jumapili ya tarehe kumi na mbili ukoo wote unakuja kumwombea, na kila mmoja atataka kunywa maziwa ya Mama. Nyabiyonza nzima inajua harufu ya vibuyu vyake. Alitia kitu kwenye moshi. Hakuniambia.

Jumapili, 5 Julai
Kanisani. Benchi la Mama tupu. Siku zote alikaa akigeukia mlangoni, awaone ng'ombe wake, kiko kimefungwa kwenye ncha ya kanga. Mwalimu wa kanisa alipomkanya, akamjibu mbele ya watu: "Mungu yuko pande zote, mwalimu waitu. Ng'ombe wangu wako upande huu mmoja." Asubuhi aliwaamkia ng'ombe kwanza, watu baadaye.
Nimelia, nikajikuta nacheka.
Binti yangu Adventina kaimba vizuri mno. Darasa la sita! Msichana wa pili aliyefika huko sijamwona upande huu. Sijisifu, nasema kilichopo.

Jumatatu, 6 Julai
Nimerudi kutoka migombani nikakuta Adventina kafukiza kibuyu kimoja. Nikaonja.
Yalikuwa maziwa ya Mama. Nikaketi chini.
"Bibi alinifundisha likizo iliyopita," anasema, kama mtu aliyefundishwa kumenya ndizi.
Ana miaka kumi na mitatu. Namwonea wivu mtoto niliyemzaa mwenyewe. Niandike hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Julai
Nimemnyemelea nyuma ya nyumba. Akafunika kigae kwa ungo. "Mama, usichungulie. Bibi alikataza."
Alikataza! Mimi ndiye niliyemwogesha siku zake za mwisho.
Nikamtuma akapalilie kahawa, jua likiwa kali. Jirani yangu Mama Justa kaona, kacheka hadi kushika mbavu. "Umezidiwa na mwanao! Si ndiyo sababu ulimsomesha?"
Chakula cha jioni nilikitia chumvi mara mbili.

Ijumaa, 10 Julai
Sababu ya Mama kuninyima naijua.
Nilipokuwa msichana nilirudi kutoka shule ya misheni na darasa la nne na mche wa sabuni. Nikajiona mzungu. Mama alikuwa kaenda msibani. Nikaviosha vibuyu vyake vyote kwa maji ya moto na sabuni, kama masista walivyotufundisha kuosha vikombe. Moshi wa miaka mingi, nikaumwaga uani. Siku kadhaa tulikunywa maziwa ya sabuni.
Hakunipiga. Tangu siku ile akaniita Sabuni. Hata wachumba walipokuja: "Huyu ndiye Sabuni wangu, safi kabisa." Nikaapa sitamwuliza lolote la vibuyu. Miaka ishirini. Na yeye hakusema.

Jumamosi, 11 Julai
Kesho wageni. Adventina angeweza kufukiza vyote, mimi nikapokea sifa. Nimejaribu kuridhika na hilo. Nimeshindwa.
Nikamfuata. "Mwanangu, nifundishe."
Maneno mawili. Mazito kuliko mzigo wa kuni.
Akacheka, kisha akalia. "Bibi alisema: Mama yako akiuliza, mwonyeshe yote. Asipouliza, mwache na sabuni yake."
Mawe, mama wee! Kumbe ni kuuliza tu.
Ni gome la mti. Jina siliandiki hapa. Mama alilikausha darini, akalitia mwishoni, moto ukishalala. Nimeungua kidole mara mbili. "Polepole, mama, unaharakisha moshi." Sauti ya Mama kabisa.

Jumapili, 12 Julai
Wamekuja wengi. Vibuyu sita, vyote nimefukiza mimi, Adventina amekaa pembeni tu.
Kaka yangu mkubwa alikunywa, akafumba macho, hakuyafumbua upesi.
Mama Justa akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Adventina! Mkono wa bibi yako huu! Mama yako hajauweza hata siku moja."
Mtoto akanitazama, akafungua mdomo aseme. Nikamkonyeza anyamaze.
Iliuma. Inauma hata sasa.
Nikainua kibuyu, nikamwongezea Mama Justa maziwa mengine.