Pete ya Selina na gauni la hospitali

Luhende, nimetoka hospitali sasa hivi, nina hasira!

Daktari kasema bega limeganda, niingie kwenye ile mashine ya sumaku waone ndani. Limeganda! Mimi samaki sangara wa kugandishwa kiwandani?

Wamenivua shati, wamenivalisha gauni lao. Halafu mkubwa wa hiyo mashine anasema, "Mzee, toa pete, sumaku itaivuta." Haitoki, kidole kimenenepa. Anasema, "Basi tuikate."

Tuikate! Pete aliyonivika marehemu Selina! Nikamwambia ni ya marehemu mke wangu, akate kidole kwanza.

Akacheka. "Mzee, mke ameshaondoka, bega bado unalo." Kasema hivyo mbele ya watu, Luhende! Mke ameshaondoka!

Nikaondoka na mimi. Shati limenishinda kuvaa, mkono haunyanyuki. Nimefika nyumbani Mirongo na gauni lao. Wakilitaka, waje wanivue wenyewe.