Mwanangu, Usije Kunipikia Uji

Mwanangu Mwanaisha,

Mwandiko huu uliopinda ni wa mkono wangu wa kulia. Usidhani nimemtuma mtu aniandikie. Nakuandikia kutoka hapa Faza, polepole, maana kidole gumba bado kina kiburi.

Unaikumbuka Idi ile uliyokuja ukiwa umeshamaliza shahada ya uzamivu? Nilikuwa nimejigamba mtaa mzima kwamba mwanangu ni daktari. Hata buibui hujavua, Bi Zena wa jirani ameshaingia na mumewe, Bwana Athumani fundi wa pikipiki, anataka umtazame goti. Ukasema kwa adabu kuwa wewe si daktari wa kutibu. "Basi u daktari wa nini, mwanangu?" akauliza Bi Zena. Ukajibu, "Wa ubongo wa panya, mama." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Moyoni lakini niliona haya kidogo. Na uliponiambia unaanza utafiti mwingine wa baada ya uzamivu, nikakuuliza kama elimu hiyo haina mwisho.

Kisha kiharusi kikanipiga, mkono huu wa kulia ukalala. Ukawa unanipigia simu kila siku, unanieleza kazi yako kama anavyoelezwa mtoto, nami kwa mara ya kwanza nikasikiliza. Ulisema seli za ubongo hupeana habari pale zinapokutana, na zikiamshwa pamoja tena na tena, mahali hapo hupata nguvu. Protini mpya hujengwa, na hata ubongo ulioumia huweza kujifungulia njia nyingine. "Kila mbaazi unayookota, mama, kuna kitu kinajengwa humo ndani." Wallahi sikukuamini. Lakini niliokota.

Zoezi hilo la mbaazi tulipewa zahanati, mimi na Bwana Athumani, maana naye alipatwa na kiharusi mwezi ule ule. Kila asubuhi tunakaa mlangoni pangu, tunahamisha mbaazi moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile, Bi Zena akitufukuzia kuku. Siku niliyoshika sindano nikatia mshono mmoja kwenye kofia, nililia. Nikakupigia, nawe ukalia, salio likatuishia hatujasemezana neno la maana.

Sasa unaniambia umepewa mkataba mwingine wa utafiti na hutaki kuutia saini, eti unarudi kunitunza. Mwanangu, nina hamu na wewe, sikufichi. Chumba chako nakifagia kila Ijumaa kama kwamba unaingia leo. Ukija kesho nitafurahi mpaka majirani wakereke. Lakini usije kunipikia uji. Uji najipikia mwenyewe, ingawa una madonge.

Kuna jambo moja linaninyima raha. Mkono wa Bwana Athumani haujarudi. Mbaazi ni zile zile, bakuli ni lile lile, na kwa bidii ananishinda. Mpaka leo hawezi kushika hata spana. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Hatujui bado, mama. Ndicho tunachokitafuta." Jibu lile lilinipa matumaini kushinda dawa zote. Sikujua kama kuna watu wanaoamka asubuhi wakaenda kazini kulitafuta jambo hilo. Na mmoja wao nimemzaa mimi.

Tia saini, mama. Likizo uje tule, tugombane, halafu urudi kwa panya wako.

Bwana Athumani kila akiketi huniuliza, "Yeo je, Mama Mwanaisha, mwanao hayaona ndia?" Humjibu kuwa njia hujaiona bado, lakini uko kazini unaitafuta. Basi huinama, akaanza na mbaazi ya kwanza.

Usinifanye mwongo.

Nakuombea kila sala,
Mamako