Blero Niliyoilainisha kwa Ajili ya Mkono Wako

Baba Amisi,

Sikuulizi hali, kwa sababu najua u mzima. Habari za uzima wako zilinifikia zamani, na ziliniumiza kuliko zile za kifo chako. Barua hii nimeiacha wazi. Jirani akitaka kuisoma, na asome. Mke wako wa Kalima akitaka, na yeye asome.

Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi uliponichukua soko kuu kutafuta blero. Mimi nilidhani brashi ya kunyolea ni brashi tu. Ulicheka mpaka muuzaji naye akacheka. Ukanionyesha: hii ya nailoni inang'aa mno, hii ya manyoya ya nguruwe inachoma shingo, hii njo yenyewe, ya manyoya ya blero, yule mnyama wa Ulaya anayeipa jina, meusi, laini kwenye ncha na yenye nguvu kidogo huku chini. Zenye ncha nyeupe ni za mabwana wakubwa, ulisema, sisi nyeusi inatutosha. Ukaipitisha shavuni mwako, kisha shavuni mwangu, mbele ya soko zima! Nilifunika uso kwa kitenge. Ulikuwa na maneno, wewe, na ulikuwa na vituko.

Nyumbani ikanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikataka kuitupa.

"Kila kitu kipya kinanuka," ulisema. "Hata mimi utanizoea tu."

Ukanifundisha kuilainisha. Maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, maana maji ya moto yanalegeza gundi. Sabuni, kisha povu kiganjani mpaka lijae, suuza, kung'uta, ining'inize kichwa chini ikauke. Kesho tena, kesho kutwa tena. Nywele zikidondoka siku za mwanzo usishituke, zitaacha zenyewe. Na usiikandamize katikati, itapanuka kama ufagio mzee. Kweli, harufu ikaisha, ikawa laini kama shavu la mtoto. Tangu hapo kila asubuhi mimi napiga povu, wewe unashika wembe. Hilo nakupa, Baba Amisi, sitakunyima: asubuhi zile nilikuwa na furaha. Sasa sijui niifanyie nini.

Halafu vita ikaufunga mji. Gari la moshi likanyamaza, mashamba yakawa ya watu wenye bunduki, tukala sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Amisi alikuwa bado ananyonya. Ukapakia baiskeli kwenye pirogi, ukavuka mto Lualaba kwenda Kalima kutafuta chumvi na sabuni. "Nitarudi mbele ya huyu kuota meno," ulisema. Blero uliiacha kwenye msumari wake.

Meno yakaota. Mtu akaja kutoka ng'ambo akasema wanaume wa baiskeli wameuawa wote njiani. Tukakulilia. Matanga bila maiti, mkeka mtupu katikati ya nyumba. Siku ya kuondoa matanga dada zako wakanikalisha chini, wakapiga povu kwa blero yako, wakaninyoa kichwa chote kwa wembe wako ili kifo chako kinitoke mwilini. Kisha nywele, wembe na blero vikatupwa mtoni, kama ukoo wenu unavyotaka, maana vitu vilivyogusa uso wa marehemu havilali nyumbani. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Vita ilipokwisha na barabara ikafunguka, nywele zangu zilikuwa zimeshafika za kusuka. Mama mmoja muuza mawese akaja kutoka Kalima, akanivuta pembeni. "Mama Amisi, bwana yako iko. Iko na bibi, iko na watoto, anauza kasiterite, yale mawe ya bati."

Kalima! Si Ulaya, si Amerika. Kalima, mtu wa baiskeli anafika. Wengine waliuawa kweli kwenye njia ile na wake zao walilia machozi ya haki. Yangu uliyaiba. Sikukufuata. Nilikuwa nimeshanyolewa kwa ajili yako, nikaona inatosha.

Sasa Amisi ameoa. Desturi yenu unaijua kuliko mimi: asubuhi ya arusi baba anamnyoa mwanawe mbele ya watu, ndipo atoke kwenda kumchukua mke. Nilijua atanyolewa na Ramazani, mdogo wako, aliyemsomesha. Mtoto akaniambia, "Mama, miye niko na baba. Ye njo ataninyoa."

"Baba gani?" nikamuuliza. Akainamisha kichwa. Nikaona anavyotaka, nikamwacha. Akakupigia simu. Ukajibu haraka, kwa sauti tamu: "Nitakuja, mwanangu. Mutafute blero ya muzuri."

Na nani akaitafuta? Nilizunguka soko lote. Kijana mmoja akaniapia kwa Mungu kwamba yake ni manyoya ya kweli. Nikachomoa unywele mmoja, nikawasha kiberiti: ukayeyuka ukawa kidonge, nailoni tupu. "Kula hiyo wewe," nikamwambia. Mwisho nikapata nyeusi, ya bei ya watu kama sisi, mpini wake wa mti mbaya lakini manyoya hayadanganyi. Nikailainisha kila siku, vuguvugu, povu, suuza, kung'uta, nikiijaribu shavuni mwangu. Mama Zaina, jirani yangu, akachungulia juu ya ua: "Mama Amisi, umeota ndevu?" Nilicheka, lakini nilikuwa na hasira. Nilikuwa nakutukana huku nakutayarishia. Na niliifanya vizuri, ndilo linalonikera, kama vile mkono haukusikia habari zako.

Asubuhi ya arusi Amisi akaketi kitini uani, kitenge mabegani, watu wamejaa, akina mama wanaimba. Ulikuwa umesema uko karibu kufika Alunguli, ng'ambo ya mto, bado kuvuka tu. Tukampaka povu. Tukangoja. Simu yako ikawa haipatikani. Nyimbo zikaisha, povu likamkaukia mashavuni likaanza kupasuka. Ramazani akamwambia, "Mutoto, nikunyoe miye." Akasema, "Tungoje kidogo." Nikapasha maji tena. Mwanaume mzima, Baba Amisi, anaangalia mlango wa ua na povu kavu usoni, na wakwe wanaona!

Mwishowe akachukua blero, akaiweka mkononi mwangu. "Mama, uninyoe."

Wanawake wa ukoo wenu wakapiga kelele. "Mwanamuke hanyoi bwana arusi! Ni mukosi!" Ramazani akawageukia. "Munyamaze. Nani amemulea?"

Jioni, ngoma zikilia, ukapiga simu. Sijui ulisema gari iliharibika au mvua ilikukamata, sikusikiliza. Nilisikia tu ulipouliza, "Wamekwisha kumunyoa? Nani alishika blero?" Nikakata. Watu walikuwa wengi, na mdomo wangu ulikuwa umejaa mambo.

Basi jibu lako ni hili: mimi. Nilipiga povu upya, nikamnyoa taratibu kuanzia masikio hadi kidevu, na sikumkata hata mahali pamoja. Shingo yake inatetemeka kama yako ulipokuwa kijana. Nilipomaliza alijipapasa mashavu, akaniangalia. "Mama, ulijifunza wapi?"

Nikamwambia, "Kwa marehemu baba yako."

Hakunisahihisha.

Mimi,
Mama Amisi