Kadi ya Makhanu

Mautuma,
Jumapili alasiri

Mdogo wangu mpendwa Nekesa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto hapo Mayoni. Natumaini mimba ya miezi minane haikulemei sana, na kwamba kazi ya miwa umewaachia wengine. Sisi tu wazima. Mahindi yametoa mbelewele na mvua haijatunyima.

Leo nakumbuka ulivyokuwa ukija kumwona Makhanu wangu. Hukuingia hata siku moja bila kunawa, ukicheka kwamba kwangu hata kuku hunawa miguu. Wanao uliwapeleka kwanza wakachanjwa surua, ndipo ukawaleta. Daktari wa Kakamega aliniambia watoto kama hao ndio waliokuwa ukuta wa mwanangu, maana ugonjwa ukikosa wa kumshika njiani haufiki nyumbani. Katika miezi kumi na mmoja aliyoishi, mingine ni zawadi yako. Asante sana, ndugu yangu.

Lakini kuna jambo nililokuficha. Siku ya mazishi nilisema mbele ya wote kwamba aliuawa na chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa alipozaliwa. Ulilia, ukaapa kwamba ukijaliwa mwingine hatachomwa sindano yoyote.

Nilisema nusu tu. Daktari alinieleza kwamba kuchanja ni kama kumnusisha mbwa kofia ya mwizi, ili amtambue akija. Chanjo ile ina kijidudu hai kilichodhoofishwa, mwizi mzee asiye na meno, na watoto wengine humfukuza. Boma la Makhanu halikuwa na mbwa. Alizaliwa hivyo, mwili bila kinga. Ugonjwa wenyewe hushika wavulana, na hupitia kwa mama. Wakumbuka kaka zetu wawili waliokufa wakinyonya? Niliogopa wakwe zangu wangenilaumu, nikaificha kadi ya kliniki yenye maandishi ya daktari.

Jana nilimwambia Baba Makhanu yote. Aliuliza tu kama wewe unajua.

Kadi imo humu. Ukijifungua, waonyeshe wauguzi kabla ya sindano ya kifua kikuu, na akiwa mvulana apimwe damu kwanza. Wakimkuta mzima, usimnyime chanjo hata moja. Akiwa kama Makhanu, watakuwa wamejua mapema, nafasi ambayo sisi hatukuipata.

Doa la wino kwenye ukurasa wa uzito ni kidole chake. Alimpokonya nesi kalamu. Usilifute.

Nisamehe, na unisalimie shemeji. Nikija kumwona mtoto nitanawa mlangoni, hata kuku wako wakinicheka.

Ni mimi dada yako,
Sellah